Mtoto Si Mweusi Mno, Kamera Ndiyo Imedanganyika: Namna ya Kumpiga Dogo Picha Nyumbani Kwenye Shuka Jeupe

 Huku Nyamisangura, Tarime, baridi ipo, asubuhi watoto wanakwenda shule na masweta.

Leo tupumzike kidogo na siasa. Nina jambo la nyumbani ambalo limenikaa moyoni muda mrefu, na najua wengi mlioko hapo kafe linawahusu. Kila siku naona mnapandisha picha za wadogo zenu na wapwa zenu: nyuma peupeee, katikati kivuli tu, macho huyaoni. Kisha chini mtu anaandika utani, "washeni taa tumuone." Tunacheka, yanaisha. Lakini dogo naye anasikia.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Dada yangu aliniomba nimpigie binti yake picha ndogo ya kubandika kwenye fomu ya shule. Mpwa wangu huyo alikuwa na miaka 6. Wakati ule nilikuwa na kakamera kangu na nikijiona fundi. Nikatundika shuka jeupe ukutani sebuleni, nikamsimamisha mgongo umeligusa, nikawasha flashi, pwaa! Nikaenda kusafisha picha mjini.

Duh! Shuka limetoka la kijivu kama limefuliwa kwa majivu. Nyuma ya kichwa kuna kivuli kizito kimeganda. Kwenye paji la uso kuna doa jeupe la flashi, na chini yake giza. Dada akaitazama akauliza, "Sasa huyu ndiye nani?" Mimi, ili nisionekane nimechemsha, nikajibu, "Dada, mtoto mwenyewe mweusi sana, kamera inamkataa."

Mtoto alikuwa amekaa palepale mkekani. Hakusema kitu.

Wiki iliyofuata nikarudi kurudia kazi. Akatoka chumbani amejipaka poda ya mama yake uso mzima, mpaka kwenye kope. Nikamuuliza, "Vipi tena?" Akasema, "Ili kamera isinikatae, mjomba."

Siku hiyo sikupiga picha. Nilirudi nyumbani, nikaanza kusoma jinsi kamera inavyofanya kazi. Nilichokipata ndicho hiki.

KWA NINI USO UNAKUWA GIZA

Kamera haijui kwamba hili ni shuka na huyu ni mtoto wa mtu. Inapima mwanga wote ulio mbele yake, halafu inajipanga ili kwa wastani picha itoke ya kijivu cha kati. Kipimo kilichozoeleka tangu enzi za filamu ni kitu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Shuka jeupe safi linarudisha asilimia 80 na zaidi.

Sasa jaza shuka hilo kwenye picha nzima. Kamera inajisemea, "Mwanga umezidi hapa," inaubana. Shuka linashuka kutoka weupe hadi kijivu, na uso wa mtoto unavutwa chini pamoja nalo. Mtoto wa maji ya kunde anaweza kupona. Mtoto mweusi anaingia gizani kabisa. Simu nyingi za siku hizi zinatambua uso na kujaribu kurekebisha, lakini mbele ya shuka jeupe bado zinapotea mara kwa mara.

Na hili lina historia yake. Tangu miaka ya 1950 Kodak ilikuwa inapelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu. Ilijulikana kama kadi ya Shirley. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa, ngozi za wengine zikajitafutia. Filamu zilikuja kuboreshwa miaka ya 1970 na 1980, na sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitofautiani kwenye picha. Yaani kabati na chokoleti vilisikilizwa! Hata mwaka 2021, Google walipotoa simu ya Pixel 6, walitangaza kama jambo jipya kwamba kamera yake imefundishwa kuonyesha vizuri ngozi nyeusi.

Kwa hiyo mtu akikwambia mtoto wako "hatokei," mwambie tatizo liko kwenye kipimo. Mtoto hana kosa.

SASA TUFANYE KAZI

1. Toka nje, kaa kivulini. Tundika shuka kwenye ukuta wa barazani, upande ambao jua halipigi moja kwa moja. Linyooshe vizuri, mikunjo yote inaonekana kwenye picha. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua la saa 6 mchana liko utosini. Ukimpiga mtoto juani saa hizo macho yanakuwa mashimo mawili. Saa 2 hadi saa 4 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni, mwanga ni mtulivu zaidi. Kivuli cha mti kiepuke, majani yanamwaga ukijani usoni. Turubai la bluu nalo hivyo hivyo, mtoto atatoka wa bluu.

2. Mtenge mtoto na shuka. Hapa ndipo wengi tunapochemsha. Msogeze mbele kama mita 1.5 au 2, hatua mbili ndefu za mtu mzima. Kivuli chake kitaanguka chini badala ya kuganda kwenye shuka, na shuka litapata mwanga wake lenyewe bila kuzibwa.

3. Mwanga utoke upande mmoja. Mgeuze mtoto kidogo kuelekea kwenye anga wazi, mwanga umpige usoni kwa mshazari. Shavu la upande wa pili litakuwa na kivuli. Hapo mwite mtu ashike karatasi ya manila nyeupe karibu na shavu hilo, kama nusu mita, pasipo kuonekana kwenye picha. Utaona jicho la upande ule linaamka. Hakuna manila? Kanga nyeupe au ukurasa mkubwa wa kalenda uliogeuzwa unafanya kazi.

4. Iambie kamera iache kubana. Kwenye kamera tafuta alama ya + na –. Anza na +1, piga, tazama. Kama uso bado una giza panda hadi +1.7 au +2. Kwenye simu nyingi unagusa uso wa mtoto kwenye kioo, kinatokea kijialama cha jua, unakisukuma juu. Usiogope shuka kuungua likawa jeupe tupu, ndicho tunachotaka. Simama pale unapoona weupe unaanza kula ncha za masikio na nywele.

Na hapa kuna siri tamu: kwa mtoto mweusi kazi hii ni rahisi zaidi. Ukishampa uso wake mwanga wa kutosha, shuka linakuwa jeupe lenyewe, bila taa ya ziada. Ule weusi niliousingizia ndio unaonisaidia.

5. Zima flashi. Flashi inayopiga usoni moja kwa moja inalaza sura bapa na kutupa kivuli nyuma. Halafu kina mama zetu mnawajua, mtoto akiambiwa picha anapakwa mafuta ya mgando mpaka anang'aa. Mafuta si adui. Kwenye mwanga laini yanaonyesha vizuri umbo la shavu na pua. Ni flashi inayoyageuza kuwa madoa meupe. Futa kidogo paji la uso kwa kitambaa, inatosha. Poda hapana, inaleta rangi ya majivu.

MVUA IKINYESHA

Ndani tumia dirisha lisilopigwa na jua. Dirisha liwe ubavuni mwa mtoto, kama mita 1. Likiwa nyuma yake utapata kivuli cha mtu tu. Shuka likae nyuma yake umbali ule ule, lakini karibu na ukuta uleule wa dirisha ili nalo lipate mwanga. Likionekana la kijivu, elekeza taa nyeupe ya LED kwenye shuka, iwe chini nyuma ya mtoto isionekane. Kumbuka hesabu hii ya taa: ukiisogeza kutoka mita 1 hadi mita 2, mwanga unaofika haubaki nusu, unabaki robo. Kwa hiyo sogeza taa kwanza kabla hujaenda kununua nyingine.

Balbu ya njano izime, ikichanganyika na mwanga wa dirisha inaleta upande mmoja wa machungwa na mwingine wa bluu. Na tafadhali, usifunike balbu ya moto kwa kitambaa wala usiibananishe na shuka. Picha haina thamani ya kuunguza nyumba.

MAMBO YA MTOTO MWENYEWE

Panga kila kitu kabla hujamwita. Mweke kaka yake asimame pale upime mwanga, au hata ndoo. Mtoto mdogo anakupa dakika 10 hivi za furaha, zaidi ya hapo ni kununa. Chuchumaa, kamera iwe usawa wa macho yake. Shati jeupe la shule kwenye shuka jeupe linapotea, kichwa kinaelea kama puto. Mvalishe sweta, na kwa baridi yetu hii hatalalamika.

Kwa mtoto mwenye ualbino, kumbuka mwanga mkali unamuumiza macho. Kaa kivulini kabisa, usitumie flashi, na zile hatua za + zipunguze.

Mwisho, usikimbilie programu za kung'arisha uso. Picha iliyokosa mwanga ukiivuta juu inajaa chengachenga. Na zile za kubadili rangi ya ngozi zinamrudishia mtoto ile poda yake.

TULIPORUDIA

Nilirudi kwa dada siku ya Jumamosi asubuhi. Kabla ya kutoa kamera nilimwita mpwa wangu nikamwambia, "Ile siku mjomba ndiye aliyekosea. Wewe huna kosa, nilikuwa sijui kutumia kamera." Akaniangalia kama anapima kama namdanganya. Akaenda kunawa.

Tukatundika shuka lile lile, barazani. Mama yake akashika manila. Nikaweka +1.3, nikapiga nne, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Aliitazama kimya kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya jicho lake pale kwenye picha. "Hee, hata kovu langu limetokea!" Ni kovu dogo la kwenye nyusi, alianguka kwenye ngazi za kanisa akiwa na miaka 3. Akakimbia kuwaita wenzake waje walione.

Picha moja ilibandikwa kwenye fomu. Nyingine dada aliitia kwenye fremu, mpaka leo iko ukutani sebuleni, pale pale nilipochemsha.

Haya wadau, kazi kwenu. Shuka mnalo, kivuli cha baraza ni bure, manila ni ya bei ya chini. Jaribuni wikiendi hii, halafu mwageni maoni hapo chini: nini kimekubali, nini kimegoma. Wenye mbinu zaidi yangu wasitubanie. Na ukiona mtu anamwambia mtoto kwamba kamera inamkataa, mnyang'anye hiyo kamera kwanza, umwonyeshe alama ya +.

Tuko pamoja.