Kuvuna Mpingo

Umekwisha kuona kinyago cha Kimakonde? Weusi wake ni wa moyo wa mti wa mpingo. Sehemu ya nje ya gogo ni nyeupe. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Nao hukua polepole mno: huchukua miaka 70 au zaidi kufaa kuvunwa. Ukiupanda leo, huenda akaukata mjukuu wako!

Zamani magogo ya Kilwa yalipouzwa, wanakijiji waliambulia fedha kidogo sana. Kwa nini basi wautunze msitu? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviwezesha vijiji kutenga misitu yao na kupokea mapato yake. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora. Sasa msitu ukawa mali, na moto uunguzao mioyo ya miti ukawa hasara ya kila mtu.

Kabla ya kuvuna, miti huhesabiwa na kupimwa. Mpingo wenye kipenyo kisichofika sentimeta 24 hukatazwa kukatwa. Jaribu kupima mti wa shuleni kwako: uzungushie kamba usawa wa kifua cha mtu mzima. Kama ungekuwa mpingo, na kamba ni fupi kuliko sentimeta 75, ungeachwa ukue.