Relei Mbili Mezani

Jirani yangu hapa Migosi, fundi wa umeme aliyestaafu baada ya miaka mingi viwandani, ana kopo la relei kuukuu juu ya kabati la sebuleni. Wajukuu hawaruhusiwi kuligusa. Jumapili moja aliniwekea mbili mezani: pini zilezile, volti zilezile, umbo lilelile. Moja ilitoka kwenye saketi ya kuzima moto wa boila maji yanapopungua. Ya pili ni ya kawaida.

Tofauti imo ndani. Katika relei ya usalama kontakti zimeunganishwa zisogee pamoja. Moja ikigandishwa na cheche, zile za upande wa pili haziwezi kujifunga, hivyo saketi hugundua kasoro na kukataa kuwasha tena. Ile ya kawaida ikiganda, hakuna anayejua. Mashine zinazunguka, taa zinawaka, bosi anafurahi, lakini siku maji yatakapopungua moto hautazimika.

Hilo ndilo linalonitisha kuhusu kinga ambazo watengenezaji wake wameacha kuzitengeneza. Pampu ikifa, zamu nzima inasikia. Kinga ikifa, kimya. Na fundi asiyepata spea atatafuta kinachoingia kwenye tundu lile.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila ikaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Ni vyema, ila miezi 12 ni mirefu.

Katika ukanda wetu wa miwa, kiwanda cha Muhoroni kilianza miaka ya 1960, na Chemelil vilevile. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha hivyo na vingine viwili vya umma kwa miaka 30. Yeyote anayepokea kiwanda cha umri huo namsihi aanze na daftari: kila kinga, nani aliitengeneza, kama bado inatengenezwa, stoo zimebaki ngapi. Akiba nayo huzeeka. Mpira wa sili hukauka ukiwa rafuni. Kazi ya kubadili mfumo ipangiwe wakati kiwanda kimezimwa kwa matengenezo, isingoje usiku wa manane matrekta ya miwa yamejipanga getini.

Ile relei ya kawaida jirani yangu aliing'oa mwenyewe kwenye saketi ya boila, aliporudi kutoka likizo. Hadi leo hajui ilikuwa imekaa mle siku ngapi.