Mwenye, mmiliki na mpangaji: nani hubeba dhima ya utelezi?

Katika pwani ya Lindi, neno barafu halimkumbushi mtu njia iliyoganda wakati wa baridi. Humkumbusha kasha la samaki. Mchuuzi wa Kilwa Masoko huwafunika samaki wake kwa barafu. Barafu huyeyuka, maji huchanganyika na magamba na ute juu ya sakafu ya saruji, na hapo utelezi huanza. Mteja akiteleza na kuvunjika nyonga, swali ni lile lile la nchi za baridi: nani hubeba dhima?

Hapa wafasiri hukosea mara nyingi. Huandika "dhima ya mwenye nyumba", na msomaji huelewa kuwa anayetajwa ni mmiliki. Katika sheria ya mapokeo ya Kiingereza, ambayo Tanganyika iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, wajibu wa hadhari humwelemea kwanza yule anayepadhibiti mahali, awe anapamiliki au amepanga tu. Kiswahili chenyewe hutega mtego: mwenye duka huweza kuwa mpangaji, na mwenye nyumba huweza kuishi Dar es Salaam, asijue hata sakafu yake ina rangi gani. Majeruhi akimdai asiyehusika, hupoteza muda, na dai la namna hii lina ukomo wa miaka 3. Tafsiri salama ni "mwenye udhibiti wa mahali". Ni ndefu, lakini haipotoshi. Mmiliki naye haponi kila mara: ngazi ya pamoja aliyobaki nayo mwenyewe humrudia.

Neno mgeni pia halitoshi. Sheria hiyo ilimtenga aliyeingia kwa shughuli yenye manufaa kwa mwenye mahali, kama mteja wa samaki, na aliyeruhusiwa tu, na aliyeingia bila ruhusa. Kiwango cha hadhari kilishuka kwa kila kundi. Uingereza iliunganisha makundi mawili ya kwanza mwaka 1957, baada ya tarehe ya mapokeo.

Methali husema kuteleza si kuanguka. Wanasheria wangeikubali: pasipo madhara, dai la uzembe halisimami.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, hivyo maneno haya huamua mengi. Dhima si hatia. Mchuuzi aliyeacha sakafu imelowa, akitakiwa kulipa fidia, ni mdaiwa. Kumwita mshtakiwa ni kumhamishia kesi ya jinai.