Mguu Kifundo Hunyooka: Plasta Huanza Kazi, Viatu vya Usiku Huimaliza

Mkunga anapompokea mtoto mchanga, macho yake hupita haraka kichwani, mgongoni, mikononi na miguuni. Wakati mwingine hukuta unyayo umegeukia ndani, kisigino kimepanda juu na vidole vinautazama mguu wa pili. Hali hiyo hujulikana kama mguu kifundo, au nyayo za kupinda. Haimuumizi mtoto siku hiyo wala haimzuii kunyonya, na kwa sababu hiyo ni rahisi kwa familia kushauriwa kusubiri hadi mtoto akue.

Kusubiri huko kuna gharama kubwa. Mtoto asiyetibiwa huanza kutembea akikanyagia ubavu wa mguu, na wengine hukanyagia mgongo wa mguu. Ngozi ya sehemu hiyo huwa sugu na kupata vidonda, viatu vya kawaida havimwingii, na safari ya kwenda shule humchosha kabla hajafika. Ilhali mguu huo huo, ukianza kutibiwa katika wiki za kwanza za maisha, kwa kawaida hunyooka bila upasuaji mkubwa.

Duniani, mtoto mmoja hadi wawili kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa huwa na tatizo hili. Watoto wa kiume hulipata mara mbili zaidi ya wa kike, na katika takriban nusu ya wagonjwa miguu yote miwili huwa imepinda. Mara nyingi chanzo chake hakijulikani, ingawa urithi una nafasi yake, kwa kuwa tatizo huweza kujirudia katika ukoo mmoja. Hakuna kosa la mama linaloelezea hali hiyo. Si mkao wake wakati wa ujauzito, si kazi alizofanya shambani, wala si jicho baya la jirani. Familia inayoelewa jambo hili mapema haimfichi mtoto ndani wala haimlaumu mzazi, bali humpeleka kliniki.

Hatua ya kwanza ni uchunguzi. Wapo watoto ambao miguu yao imejikunja kidogo kutokana na kubanwa tumboni. Mguu wa aina hiyo hurudi mahali pake kwa urahisi mtaalamu anapousukuma taratibu kwa vidole. Mguu kifundo halisi haurudi, kwa sababu kano na mishipa ya upande wa ndani na wa nyuma ni mifupi na imekakamaa. Mtaalamu hukagua pia mgongo na nyonga, kwa kuwa baadhi ya watoto wenye mguu kifundo huwa na matatizo mengine, yakiwemo ya mgongo wazi, ambayo huhitaji mpango wake wa tiba.

Njia ya tiba inayotumika leo katika nchi nyingi inatokana na kazi ya Daktari Ignacio Ponseti, aliyezaliwa katika kisiwa cha Menorca, Hispania, tarehe 3 Juni, 1914. Alihudumia majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, akaishi uhamishoni Meksiko, kisha akafika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1941. Huko aligundua kuwa miguu iliyokuwa imefanyiwa upasuaji mkubwa utotoni mara nyingi ilikakamaa na kuuma mtu alipofikia utu uzima. Akaachana na kisu na kuutegemea ulaini wa mwili wa mtoto mchanga. Kwa miaka mingi mbinu yake haikupewa uzito, lakini leo tarehe yake ya kuzaliwa huadhimishwa kama Siku ya Mguu Kifundo Duniani.

Tiba huanza kwa plasta ngumu, ambayo watu wengi huiita hogo. Kila wiki mtaalamu huushika mguu, huunyoosha kwa upole hadi unapokubali, kisha huufunga plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Plasta inayoishia chini ya goti huvuka kwa urahisi na haiwezi kuuzuia mguu usirudi ndani. Katika wiki hiyo mishipa iliyokaza hulegea na mifupa, ambayo kwa mtoto mchanga bado ni laini, huanza kujipanga upya. Wiki inayofuata plasta hutolewa, mguu husogezwa mbele kidogo zaidi na plasta mpya hufungwa. Kwa kawaida plasta tano hadi saba hutosha. Mpangilio nao ni muhimu: upinde wa unyayo hurekebishwa kwanza, kisha mguu huelekezwa nje, na kisigino hushushwa mwisho. Anayelazimisha kisigino kushuka mapema anaweza kuuharibu mguu.

Nyumbani, kazi ya mzazi ni kulinda plasta na kutazama vidole. Katika saa za mwanzo vidole hukaguliwa mara kwa mara: kikibonyezwa kidole na kuachiwa, rangi yake inapaswa kurudi haraka. Vidole vikivimba, vikiwa vya baridi au kubadilika rangi, au vikizama ndani ya plasta, mtoto arudishwe kituoni siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ikiwa plasta inatoa harufu mbaya, mtoto ana homa au analia bila kunyamaza. Plasta hailowanishwi, hivyo mtoto hufutwa kwa kitambaa chenye maji badala ya kuogeshwa kwenye beseni.

Baada ya plasta hizo, unyayo huwa umenyooka lakini kwa watoto wengi kisigino hubaki juu kwa sababu kano ya nyuma ya kisigino ni fupi. Hapo hufanyika upasuaji mdogo. Daktari huweka dawa ya ganzi na kuikata kano hiyo kupitia tundu dogo la ngozi, kazi ya dakika chache ambayo kwa kawaida haihitaji kulazwa. Plasta ya mwisho hukaa wiki tatu, na katika muda huo kano hujiunga upya ikiwa ndefu zaidi.

Plasta ya mwisho inapotolewa, mzazi huona mguu ulionyooka na huamini safari imekwisha. Kumbe hapo ndipo inapoanza sehemu ndefu kuliko zote. Mtoto huvalishwa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa upau, kiatu cha mguu uliotibiwa kikielekezwa nje kwa nyuzi 60 hadi 70 na cha mguu mzima kwa nyuzi 30 hadi 40. Huvivaa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi afikishe umri wa miaka minne au mitano. Nchini Uganda, mtaalamu Mholanzi Michiel Steenbeek alibuni viatu vya aina hiyo vinavyoweza kutengenezwa na mafundi wa hapa Afrika kwa ngozi na vyuma vya kawaida, hatua iliyopunguza utegemezi wa vifaa vya bei kubwa kutoka nje.

Kuacha viatu hivyo mapema ndiyo sababu kuu ya mguu kurudi kupinda. Sababu za kuviacha zinaeleweka: mtoto hulia usiku wa kwanza na wa pili, bibi humwonea huruma na kuvifungua, nauli ya kwenda kliniki hukosekana, au viatu huwa vidogo na hakuna wa kuvibadilisha. Hata hivyo, mtoto anayevivaa bila kukatishwa huzoea ndani ya siku chache. Mzazi anaweza kucheza naye kwa kuikunja na kuinyoosha miguu yote miwili kwa pamoja, ili ajifunze kuichezesha ndani ya viatu. Soksi huzuia michubuko, na kisigino kinapaswa kukaa chini kabisa kabla ya mkanda kukazwa. Wekundu au malengelenge kisigononi mara nyingi ni dalili kuwa mguu unateleza.

Mguu ukianza kupinda tena, tiba hurudiwa kwa plasta. Kwa baadhi ya watoto waliovuka takriban miaka miwili na nusu, daktari bingwa wa mifupa huweza kuhamisha kano ya mbele ya mguu ili isiendelee kuuvuta ndani. Upasuaji mkubwa wa kufungua viungo huachwa kwa miguu iliyoshindikana kwa njia nyingine. Hata aliyechelewa hapaswi kukata tamaa, kwani plasta zimewasaidia pia watoto walioanza kutembea.

Nchini Tanzania huduma hii hutolewa katika hospitali zikiwemo CCBRT na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza. Mzazi aliyejifungulia zahanati ya kijijini anaweza kuanza kwa kuomba rufaa kwa mkunga aliyempokea mtoto wake.

Mguu uliotibiwa unaweza kubaki mdogo kidogo kuliko mwenzake, na kigimbi chake kikawa chembamba. Lakini mtoto huyo atavaa viatu vya dukani, atacheza mpira na atatembea kwenda shule. Ili afike huko, yupo mtu nyumbani ambaye kila jioni, kwa miaka minne au zaidi, atamkazia mikanda ya viatu kabla ya kumlaza.