Shela Jeupe, Uso Gizani

Niliacha kupiga picha za harusi kwa sababu ya picha moja. Mkanda wa picha 36 uliporudi kusafishwa, shela lilikuwa la kijivu na uso wa bibi harusi umezama gizani. Mama yake aliitazama, akairudisha mezani kimya. Fedha hakudai, afadhali angedai.

Kosa nalijua leo. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui harusi. Kila kinachokiona hukidhania kuwa cha rangi ya kijivu. Ukikielekeza kwenye shela jeupe, hudhani mwanga umezidi, basi huupunguza, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Dawa yake ni kusogea karibu, kupima usoni, kisha kupunguza kidogo tu, la sivyo nakshi za shela nazo zitapotea.

Mwaka jana mjukuu wangu aliolewa, akanitia mkononi kamera ya kisasa inayoonyesha picha papo hapo. Nikapima, nikapiga, nikatazama: macho, hina, hata jasho la puani, vyote vipo! Sasa naulizia harusi kama kijana anayetafuta kazi. Jumamosi hii ninazo mbili, na goti linauma.