Tone la Damu Lilimwokoa Simba

Mbwa wangu Simba alikataa chakula siku tatu. Jirani zangu hapa Nakuru walinena mengi: huyu akasema amelishwa sumu, yule, rungu mkononi, akasema ni kichaa cha mbwa, auawe.

Nikamfunua mdomo: fizi nyeupe kama karatasi. Mkojo wake ulikuwa mwekundu kama chai isiyo na maziwa. Nikambeba kwa mkokoteni hadi kwa daktari wa mifugo. Alimtoboa sikio, akapaka tone la damu kwenye kioo, akachungulia kwa hadubini.

“Babesia,” akasema. Ni vijidudu viletwavyo na kupe, navyo hupasua chembe nyekundu za damu.

Alidungwa sindano. Juma lililofuata alimbwekea yule mwenye rungu.

Ndugu msomaji, kabla hujashika rungu, tafuta kupe.