Nyumba ya Kompyuta (3): Nani Anatembea kwa Niaba Yako?

Tumekwisha kuzungumzia mgongo na shingo, na wiki iliyopita tukamaliza macho. Limebaki swali ambalo wasomaji wengi wameniuliza tangu makala hizi zianze, na karibu wote huliuliza kwa namna moja: "Mimi nashinda kwenye kompyuta kuanzia saa mbili asubuhi, mwenzangu naye vivyo hivyo, watoto wakirudi shule wanadaka kishikwambi. Muda wa mazoezi tuutoe wapi?"

Kabla ya kutafuta muda utatoka wapi, naomba kwanza tutafute ule mwendo tuliokuwa nao umekwenda wapi. Miaka ishirini iliyopita mfanyakazi wa ofisi Dar es Salaam alipanga foleni kulipa bili ya maji, akaenda kwa miguu kununua umeme wa LUKU, akapanda ngazi kupeleka faili idara nyingine, akasimama ndani ya daladala kutoka Posta hadi Mwenge, akashuka akapita sokoni. Leo bili, umeme na faili vyote vimo kwenye simu. Chipsi mayai inaletwa na bodaboda hadi getini. Nyumbani dada wa kazi anafua, anadeki, anabeba ndoo, anamsindikiza mtoto kwenye basi la shule. Hakuna aliyekaa chini akaamua kuacha kutembea. Tuliuza mwendo wetu kidogo kidogo, na kila mara tulipata bei nzuri. Ningekuwa mtu wa kubeti, ningeweka pesa yangu kwamba katika nyumba nyingi za mjini mwenye moyo imara kuliko wote ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote.

Kwamba mwendo huu wa vipande vipande una uzito, dunia ilijulishwa na mabasi ya London. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari Jeremy Morris alikuwa akitafuta sababu ya maradhi ya moyo kuongezeka Uingereza. Wakati huo mazoezi hayakuhesabiwa kuwa na uhusiano wowote na jambo hilo. Yeye na wenzake wakawachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Kila basi lilikuwa na wanaume wawili wa tabaka moja na zamu moja: dereva, aliyekaa takriban asilimia 90 ya saa zake za kazi, na kondakta, aliyepanda na kushuka ngazi zipatazo 500 hadi 750 kwa siku akikata tiketi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la The Lancet. Makondakta waliougua moyo walikuwa wachache kuliko madereva, waliougua waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi, na ugonjwa haukuwaua kwa haraka kama ulivyowaua madereva. Morris akageukia watu wa posta, akakuta mambo yaleyale: wasambaza barua, waliotembea na kuendesha baiskeli, walikuwa salama kuliko makarani na wapokea simu.

Nampenda Morris kwa sababu hakukimbilia kushangilia. Alijiuliza: je, kama madereva walikuwa wanene tangu siku walipoajiriwa? Akaomba kumbukumbu za sare, akapima viuno vya suruali. Mwaka 1956 wakachapisha walichokiona: kweli, suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi, hata za vijana waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kazi. Ila walipolinganisha wembamba na wembamba na wenye vitambi na wenye vitambi, kondakta bado alikuwa na nafuu kuliko dereva. Hesabu za suruali hazikuupangua ukweli wa ngazi.

Msomaji makini atasema: sawa, lakini mimi si kondakta na sitakuwa, kazi yangu ni kukaa. Morris aliliona hilo pia. Kati ya 1968 na 1970 aliwafuata watumishi wa serikali karibu 17,000, wanaume wa mezani wenye umri wa miaka 40 hadi 64, akawataka waandike walichokifanya Ijumaa na Jumamosi. Waliokuwa na shughuli za kutoa jasho nje ya kazi, kama kuogelea, kutembea kwa kasi au kulima bustani kwa nguvu, hatari yao ya kupata ugonjwa wa moyo ilikuwa kama theluthi moja ya wenzao. Bustani, angalia vizuri. Hakuwa anazungumzia ukumbi wenye mashine na vioo. Yeye mwenyewe alitembea na kuogelea hadi uzeeni, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Sasa tuingie mwilini. Misuli mikubwa kuliko yote tuliyonayo iko mapajani na makalioni, na ndiyo hiyo tunayoilaza tukikaa. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na una uwezo wa kufanya hivyo hata insulini ikiwa kidogo. Msuli ukilala, sukari ya ule wali wa mchana inabaki ikizunguka muda mrefu zaidi, na kongosho linalazimika kumwaga insulini nyingi kuifukuzia. Mwaka 2012 David Dunstan na wenzake huko Melbourne waliwakalisha watu wenye uzito mkubwa kwa saa kadhaa baada ya kuwapa kinywaji chenye sukari na mafuta. Siku moja walikaa mfululizo; siku nyingine walisimama kila baada ya dakika 20 wakatembea taratibu kwa dakika mbili tu. Siku hiyo ya pili kiwango cha sukari baada ya kunywa kilishuka kwa takriban robo. Dakika mbili ndizo unazotumia kwenda jikoni kuchota maji na kurudi. Ndiyo maana huwa nawaambia watu wa ofisini waachane na chupa kubwa ya maji juu ya meza na watumie glasi ndogo.

Hapa kuna jambo la karibu na kwetu ambalo limewashangaza wataalamu. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, walivishwa vifaa vya kupima mwendo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hupumzika karibu saa 10 kwa siku wakiwa macho, muda unaokaribiana na wa mtu wa mjini anayekaa ofisini. Hata hivyo maradhi ya moyo ni nadra kwao. Bila shaka kuwinda na kuchimba kuna sehemu yake. Lakini watafiti waliangalia pia namna wanavyopumzika: wanachutama, wanapiga magoti, wanakaa chini. Mtu aliyechutama misuli yake ya miguu inafanya kazi kuliko ya mtu aliyezama kwenye kiti. Kiti chenye magurudumu na egemeo laini kimetuondolea hata kile kijikazi cha kupumzika.

Basi mkeka nao ni kifaa cha mazoezi. Bibi zetu wa pwani walikuna nazi wakiwa juu ya mbuzi, wakapika wameinama kwenye mafiga, wakala chini na kusali chini, na kila shughuli ilidai mtu ainuke kutoka sakafuni kwa nguvu za mapaja yake. Familia inayokula chakula cha usiku mkekani mara chache kwa wiki inapata kitu ambacho meza haitoi. Na kwa Mwislamu anayefanya kazi mezani, Adhuhuri na Alasiri zinaangukia ndani ya saa za kazi au ukingoni mwake: kuinuka, kwenda kutia udhu, kusimama, kurukuu, kusujudu. Sisemi swala ni mazoezi, wala hailengi huko. Ila anayeisali kwa wakati wake, na hasa anayetembea hadi msikitini, tayari amekikatiza kiti.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba, au dakika 75 hadi 150 za mwendo wa kutweta, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mwongozo wa zamani ulisema kipande kisichofika dakika kumi hakihesabiwi. Huu wa sasa umeliondoa sharti hilo: kila kipande kinahesabiwa. Kwa familia yenye shughuli nyingi, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote, na sijui kwa nini haikutangazwa kwa ngoma. Kushuka kituo kimoja kabla, kupanda ngazi, kuongea na simu za kikazi ukitembea uani: vyote vinaingia kwenye hesabu. Na wale wanaopenda jogging za wikiendi, zile za fulana za sare na nyimbo alfajiri Temeke na Kinondoni, wasikatishwe tamaa na anayewaambia siku mbili hazitoshi. Uchunguzi wa mwaka 2023 kwa watu karibu 90,000 wa Uingereza uliona kwamba waliokusanya dakika zao ndani ya siku moja au mbili walipata kinga ya moyo iliyokaribiana na ya waliozigawa wiki nzima. Mwenye presha, kisukari au miaka mingi ya kutokukimbia amwone daktari kwanza, kisha aanze kwa kutembea.

Kuhusu kitambi niwe mkweli, kwa sababu ndicho kinachowatoa wengi nyumbani na ndicho kinachowarudisha wamenuna. Mwendo peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko tunavyotumaini. Walewale Wahadzabe, walipopimwa na Herman Pontzer na wenzake katika utafiti wa mwaka 2012, walionekana kutumia nishati kwa siku sawa na watu wa Marekani na Ulaya, ukizingatia ukubwa wa miili. Moyo, sukari, mifupa, usingizi na akili hufaidika na miguu. Tumbo husikiliza zaidi jikoni. Soda moja ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai kama vinane, na huihisi ikipita ukiwa umekodolea skrini. Kula mbali na kompyuta, hata kama ni mihogo ya dakika kumi, husaidia mtu kujua ameshiba.

Watoto wana hesabu yao: wastani wa dakika 60 kwa siku. Hawahitaji programu wala kocha. Wanahitaji uwanja, wenzao, na mtu mzima asiyewaita ndani kila wanapochafuka. Rede, kombolela na kuruka kamba vinamtoa mtoto jasho kuliko masomo mengi ya michezo niliyoyashuhudia. Tena kucheza nje kunalinda hata macho tuliyoyazungumzia wiki iliyopita. Huko Guangzhou, China, shule zilizowaongezea watoto dakika 40 za kuwa nje kila siku, baada ya miaka mitatu zilikuwa na asilimia 30 ya watoto waliopata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya karibu asilimia 40 katika shule ambazo hazikubadilisha ratiba. Nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma imewapa watoto usalama lakini imewanyang'anya barabara. Majirani watatu wakikubaliana zamu za kukaa nje jioni, barabara inarudi, na mzazi wa zamu anaweza kutembea huku na huku badala ya kuleta kiti.

Ninachopendekeza, basi, ni kwamba kila mmoja nyumbani anunue tena angalau kazi moja aliyoiuza. Baba afue mashuka yake Jumamosi kwa mikono. Mama aende sokoni kwa miguu na kumwachia mwenzake chungu. Kijana wa sekondari abebe ndoo na kumwagilia mchicha. Mdogo atumwe dukani. Dada wa kazi apumzike saa hizo, tena kwa mshahara uleule. Vigumu zaidi itakuwa kumshawishi aamini kwamba hamjaishiwa pesa.

Sehemu ya nne, wiki ijayo, itahusu usingizi: mwanga wa skrini, simu iliyo chini ya mto, na mzazi anayejibu ujumbe wa bosi saa tano usiku huku akimkemea mtoto azime kishikwambi.